Georg Ohm: Mwalimu aliyetufundisha kuanza na chanzo cha umeme

Ukiitazama testa ya fundi wa redio, ile mita ndogo yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, utaona alama moja mfano wa pete iliyokatwa chini, ncha zake zikakunjwa kwenda nje: Ω. Mafundi huisoma omu. Wengi wanaitumia kila siku bila kujua kwamba ni jina la mtu.

Mtu huyo ni Georg Simon Ohm, mwalimu wa sekondari wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1854. Kanuni aliyoigundua ndiyo inayomwezesha fundi kujua kwa nini redio imezimika, kwa nini taa ya sola inafifia, au kwa nini mashine ya zamani ya michezo haipokei umeme. Lakini ilipotoka mara ya kwanza, kanuni hiyo haikumletea heshima. Ilimfanya aache kazi na kuishi miaka kadhaa kwa shida.

Mtoto wa fundi makufuli

Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 katika mji wa Erlangen, ambao leo uko katika jimbo la Bavaria. Baba yake, Johann Wolfgang Ohm, alikuwa fundi wa makufuli. Mama yake alikuwa binti wa fundi cherehani. Familia ilipata watoto saba, lakini ni watatu tu waliofika utu uzima: Georg, mdogo wake Martin, na dada yao Elisabeth. Mama alifariki Georg akiwa na miaka kumi hivi.

Baba hakuwa na elimu ya juu ya darasani. Alikuwa amejisomea mwenyewe, kitabu baada ya kitabu, hadi akaweza kuwafundisha wanawe hesabu, fizikia na kemia nyumbani. Shule ya mji ilifundisha zaidi lugha za kale, na sayansi kidogo sana. Kwa hiyo elimu ya kweli ya Georg na Martin ilipatikana nyumbani kwa fundi makufuli. Profesa mmoja wa chuo kikuu cha hapo Erlangen aliwapima vijana hao wawili akastaajabu. Martin naye alikuja kuwa profesa wa hesabu.

Mwaka 1805 Georg aliingia Chuo Kikuu cha Erlangen. Hapo ujana ukamzidi. Badala ya kukaa na vitabu, alitumia muda mwingi kucheza dansi, kuteleza kwenye barafu na kucheza biliadi, mzee wa mchezo wa puli unaochezwa leo vijiweni. Baba, aliyejinyima ili mwanawe asome, alikasirika. Baada ya mihula mitatu alimtoa chuoni, na mwaka 1806 kijana akapelekwa Uswisi kufundisha hesabu shuleni.

Adhabu hiyo ilimtengeneza. Huko Uswisi alisoma hesabu peke yake usiku na mchana. Mwaka 1811 alirudi Erlangen, akatunukiwa shahada ya udaktari, akaanza kufundisha hapo chuoni. Lakini mshahara haukutosha kumlisha. Mwaka 1813 alikubali kazi katika shule dhaifu ya Bamberg, kazi asiyoipenda, na miaka michache baadaye shule hiyo nayo ikafungwa.

Mwanga ulianza kuonekana mwaka 1817. Alikuwa ameandika kitabu cha jiometria, akatuma nakala kwa Mfalme wa Prussia. Mwaka huohuo akaajiriwa katika sekondari ya Wajesuiti ya mji wa Cologne. Shule hiyo ilikuwa na kitu ambacho Ohm hakuwahi kukipata kwingine: maabara yenye vifaa vizuri. Na kwa kuwa alikuwa mtoto wa fundi chuma, kifaa kilichokosekana alikitengeneza kwa mikono yake.

Chanzo kisichotulia

Ili kuelewa alichokifanya, tukumbuke hali ya wakati ule. Betri ya kwanza ilikuwa imetengenezwa na Alessandro Volta wa Italia mwaka 1800. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona kwamba waya unaopitisha umeme huisogeza sindano ya sumaku iliyo karibu. Watu walijua umeme unapita. Hawakujua kiasi gani kinapita, wala ni kitu gani kinachoamua kiasi hicho.

Ohm alijiuliza swali ambalo hata fundi wa leo hujiuliza: nikirefusha waya, umeme unapungua kwa kiasi gani?

Mwaka 1825 alianza kupima. Alichukua betri, akaunganisha nyaya za urefu mbalimbali, akatazama jinsi sindano ya sumaku ilivyosogezwa. Lakini majibu yalimsumbua. Kila alipounganisha waya, nguvu ya umeme ilipanda ghafla kisha ikashuka. Akipima waya uleule baada ya muda mfupi, anapata jibu lingine. Alijitahidi kutafuta kanuni ndani ya namba hizo, akaichapisha, na haikuwa sahihi.

Tatizo halikuwa kwenye waya. Lilikuwa kwenye chanzo cha umeme. Betri za siku zile hazikutulia. Zilichoka mara zikianza kutumika, na uchovu wake ulibadilika dakika hadi dakika. Ni sawa na kupima uzito wa gunia kwa mizani ambayo wewe mwenyewe huiamini.

Mwanasayansi Johann Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia, alimshauri aachane na betri ya aina ile. Miaka michache kabla, Thomas Seebeck alikuwa amegundua kwamba ukiunganisha vipande vya metali mbili tofauti, kisha ukapasha joto kiungio kimoja na kukipoza kingine, umeme hupita. Ohm akachukua bismathi na shaba. Kiungio kimoja akakiweka kwenye maji yanayochemka, kingine kwenye barafu. Maji yakichemka hayazidi joto lake, na barafu inayoyeyuka haibadilishi baridi yake. Kwa hiyo umeme uliotoka ulikuwa mdogo, lakini ulitulia.

Mwanzoni mwa 1826 alipima upya. Aliandaa nyaya nane za shaba zenye unene uleule, fupi kuliko zote ikiwa na inchi 2 na ndefu inchi 130. Juu ya njia ya umeme alining'iniza sindano ya sumaku. Umeme ulipoisogeza sindano, yeye aliirudisha mahali pake kwa kuusokota utepe mwembamba wa metali ulioishikilia. Kadiri alivyolazimika kusokota zaidi, ndivyo alivyojua umeme ulikuwa mwingi zaidi.

Safari hii namba zilikubaliana.

Kanuni yenyewe

Alichokiona Ohm kinaweza kuelezwa kwa mfano wa maji. Tangi likiwa juu zaidi, maji husukumwa kwa nguvu zaidi. Bomba likiwa jembamba na refu, maji hupungua. Katika umeme, nguvu ya kusukuma tunaipima kwa volti. Wingi wa umeme unaopita tunaupima kwa ampea. Ugumu wa njia, yaani ukinzani, tunaupima kwa omu.

Kanuni inasema: chukua volti, gawanya kwa omu, utapata ampea. Betri ya volti 12 ikiunganishwa na kifaa chenye ukinzani wa omu 6, zitapita ampea 2. Ukinzani ukipanda kuwa omu 12, itapita ampea 1 tu.

Lakini Ohm aliona jambo la pili ambalo wengi hulisahau. Katika hesabu yake hakuweka ukinzani wa waya peke yake. Aliweka pia ukinzani wa njia iliyobaki, pamoja na wa chanzo chenyewe. Kila chanzo cha umeme kina ugumu wake wa ndani. Ugumu huo ukiwa mkubwa, sehemu ya nguvu humalizikia humohumo kabla ya kufika kwenye kifaa.

Kitabu kilichomgharimu kazi

Shule ilimpa ruhusa ya mwaka mmoja kwa nusu mshahara. Ohm akaenda Berlin, alikokuwa mdogo wake Martin, na mwaka 1827 akachapisha kitabu chake juu ya njia ya umeme kwa hesabu. Alikuwa na miaka 38. Alitumaini kwamba kitabu kitamfungulia mlango wa chuo kikuu.

Mlango haukufunguka. Wasomi wengi wa Ujerumani wakati huo waliamini kwamba maumbile hueleweka kwa falsafa, na hawakuvutiwa na mwalimu wa sekondari aliyejaza kurasa kwa hesabu. Wanafizikia wengine hawakuzielewa hesabu hizo. Wapo waliokikejeli kitabu waziwazi. Ohm aliumia. Mwaka 1828 aliacha kazi yake Cologne, na miaka iliyofuata aliishi Berlin kwa kufundisha hesabu kwa saa chache na malipo madogo. Mtu aliyekuwa ameshika ufunguo wa umeme wote wa baadaye hakuwa hata na maabara ya kufanyia kazi.

Mwaka 1833 alipata nafasi katika chuo cha ufundi cha Nuremberg, na baadaye akawa mkuu wake. Wakati huo huo, wengine walikuwa wakimpima. Gustav Fechner huko Leipzig alirudia majaribio akakuta Ohm alisema kweli. Claude Pouillet alifanya hivyo Ufaransa. Simu za waya za maandishi zilikuwa zinaanza, na watu wake walihitaji kujua umeme utafika na nguvu gani baada ya maili nyingi za waya. Falsafa haikuwajibu. Kanuni ya Ohm iliwajibu.

Mwaka 1841 Chama cha Kifalme cha Sayansi cha London kilimpa Nishani ya Copley, mojawapo ya heshima kubwa za sayansi duniani. Mwaka 1849 aliitwa Munich, na mwaka 1852, akiwa na miaka 63, akapewa kile alichokitafuta maisha yake yote: kiti cha uprofesa wa fizikia katika chuo kikuu. Alikikalia kwa miaka miwili tu. Alifariki Munich tarehe 6 Julai 1854. Hakuwahi kuoa.

Mwaka 1881 wataalamu wa umeme wa nchi mbalimbali walikutana Paris wakakubaliana kwamba kipimo cha ukinzani kiitwe omu. Kwa kuwa herufi O ingefanana na sifuri, alama inayotumika ni herufi ya Kigiriki, Ω.

Mjukuu wa biliadi

Tulisema kijana Ohm alitolewa chuoni kwa sababu, pamoja na mengine, ya biliadi. Mchezo huo ulizaa michezo mingine ya mezani, na mmojawapo ukaja kuwa mashine ya pinboli. Ni meza iliyoinama kidogo, iliyofunikwa kwa kioo. Mchezaji huvuta kishikio chenye springi, gololi ya chuma ikarushwa juu, ikagonga vizuizi, taa zikawaka na pointi zikahesabiwa. Naye hujaribu kuizuia isidumbukie kwa mabawa mawili madogo yanayoendeshwa kwa vitufe. Nyingi zilitengenezwa Chicago, Marekani. Umeme uliingia ndani yake katika miaka ya 1930, na mwishoni mwa miaka ya 1970 zikawekewa bodi za kompyuta.

Leo wapo watu Marekani na Ulaya wanaozifufua mashine hizo za zamani, na ugonjwa wake mkubwa ni ugavi wa umeme. Mashine ya aina hii ni somo zuri, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu kilichomo kwenye redio, chaja na inveta. Transfoma hupunguza umeme wa ukutani. Daiodi hugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu. Kapasita huutuliza. Kisha kila sehemu hupewa volti zake. Katika mashine nyingi za Bally za wakati huo, bodi ya kompyuta hutumia volti 5, taa za kawaida kama volti 6, koili zinazorusha gololi zaidi ya volti 40, na vioo vya namba karibu volti 190.

Chukua mashine ambayo taa zake ni hafifu, na kila koili inaporusha gololi kompyuta inajizima na kuwaka upya. Fundi mwenye haraka husema bodi imekufa, ananunua nyingine, na tatizo linabaki palepale. Amefanya kosa la Ohm la mwaka 1825: analaumu waya wakati chanzo hakijatulia.

Fundi mwenye subira huchomoa mashine ukutani kwanza. Husubiri, kwa sababu kapasita huweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa, na volti 190 si za kuchezea. Kisha huzitoa fyuzi moja moja na kuzipima kwa omu. Hazipimi kwa macho, kwa kuwa fyuzi ya kioo inaweza kuonekana nzima kumbe imekatika ndani.

Fyuzi ikiwa imekatika, huuliza kwa nini. Koili ya omu 10 ikipewa volti 40 hupitisha ampea 4. Koili hiyohiyo ikiungua ndani na ukinzani wake kushuka hadi omu 1, itataka ampea 40, na fyuzi itakatika kila ukiibadilisha. Ndiyo maana kuweka fyuzi kubwa zaidi au kipande cha waya mnene ni hatari. Hapo kitakachoungua ni transfoma, au nyumba.

Baada ya hapo hutenganisha sehemu zote na kupima volti zinazotoka kwenye transfoma, kisha baada ya daiodi, kisha baada ya kapasita. Kapasita iliyozeeka haitulizi tena umeme, na volti 5 huyumba. Zikishuka chini ya 4.75, kompyuta ya mashine hupotewa na hesabu. Kila kitu kikiwa sawa hapo, huunganisha sehemu moja moja tena, akitazama ni ipi inayoziangusha volti.

Mara nyingi sana, mwizi hupatikana kwenye viungio vya nyaya. Pini iliyopata kutu au kulegea inaweza kuwa na ukinzani wa sehemu moja tu ya kumi ya omu. Inaonekana si kitu. Lakini zikipita ampea 5, nusu volti inapotea hapo, na wati 2.5 za joto zinabaki kwenye pini moja ndogo kama kichwa cha kiberiti. Joto huongeza kutu, kutu huongeza ukinzani, ukinzani huongeza joto, hadi plastiki inageuka rangi ya kahawia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tunachobaki nacho nyumbani

Msikilizaji, huenda hutaiona mashine ya pinboli maishani mwako. Lakini huenda una betri ya sola inayosoma volti 12 asubuhi, na ukiwasha taa mbili inazimika. Au tochi ambayo betri zake zikipimwa zinaonekana nzima na bado mwanga hautoki. Ohm alieleza jambo hilo mwaka 1826. Betri iliyochoka ina ukinzani mkubwa wa ndani. Ikiwa haifanyi kazi, hakuna umeme unaopita, kwa hiyo hakuna kinachopotea, na testa inaonyesha volti zote. Ikipewa kazi, nguvu inamalizikia ndani yake.

Kwa hiyo usiipime betri ikiwa imepumzika tu. Ipime taa ikiwa inawaka. Volti zikishuka sana kwenye vichwa vya betri, ugonjwa uko kwenye betri. Zikibaki juu kwenye betri lakini zikawa chini kwenye taa, ugonjwa uko njiani: waya mwembamba, kiungio kilicholegea, au swichi iliyopata kutu. Safisha na kaza kabla ya kununua kipya. Kwa umeme wa ukutani na inveta, mwachie fundi aliyesomea, maana volti 230 huua.

Ohm alihitaji mwaka mzima na ndoo ya barafu kujua kwamba chanzo chake cha umeme ndicho kilichokuwa kinamdanganya. Sisi tunaweza kujua hivyo kwa dakika moja, kwa mita yenye herufi ya jina lake.